Wanataka na Maiti Zetu

Jumatatu, 11 Aprili

Wameangusha mwaloni wa Thunor, mungu wetu wa radi! Miaka arobaini Baba ameutunza mti ule, ameuchinjia mbuzi, amekiombea mvua kijiji kizima. Na aliyepiga shoka la kwanza ni nani? Hrodger. Mdogo wangu wa tumbo moja! Kabatizwa juzi tu, shati jeupe la ubatizo halijaingia hata doa, tayari Wafaranki waliotushinda vitani wamemfanya msimamizi wa kijiji. Ananiambia, meno nje: "Umeona, dada? Radi haikunipiga." Nikamtemea mate.

Jumatano, 13 Aprili — siku ya Woden mwenyewe, mkuu wa miungu yetu

Baba hali chochote. Kageukia ukutani. Kaniita: Aldburg, wasinifukie kama mbwa anavyofukia mfupa. Nichome. Woden auone moshi, ajue nakuja.

Nimemwahidi. Sheria ya mfalme wao naijua, niliisoma kwa macho yangu. Hizi herufi walinifundisha wao, nilipokuwa mateka kwao. Achomaye maiti, auawe. Ng'ombe wamechukua, mti wamechukua. Sasa wanataka na maiti zetu!

Alhamisi, 14 Aprili

Baba amefariki alfajiri.

Hrodger kaja na jembe na padri. Eti kesho, baada ya ibada, atazikwa kanisani. Nikamuuliza, alibatizwa lini?

"Nitasema alikubali mwishoni."

"Mwongo mkubwa we!"

"Dada, unataka tukatwe vichwa sote?"

Padri kakohoa, kaomba maji ya kunywa. Nikamwambia mto ule pale, si ndimo mnamopenda kutubatizia?

Ijumaa, 15 Aprili

Walipoingia ibadani, mimi na shangazi Thiadrun tulimpakia Baba kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukauvuta wenyewe hadi kilimani. Moto umeshika. Moshi umesimama wima! Naandika nimekaa jiweni, mikono inanuka mafuta ya nguruwe tuliyomwagia kuni.

Hrodger anapanda mbio. Peke yake.

Kafika. Nilikamata shoka. Hakunitukana. Kahema, kauliza tu: "Mmempa kisu chake?"

Hatukumpa. Tulikitafuta nyumba nzima, hatukukiona. Basi akakichomoa chini ya shati lake jeupe — kisu kirefu cha Baba. Mwizi!

"Atamfikiaje Woden mikono mitupu, dada?"

"Si ukitupe motoni, mwoga wee!"

Hakitupi. Wala hakirudishi. Machozi yanamtiririka, kasimama karibu na moto mpaka upindo wa shati unaungua, hajitingishi. Kule chini kwato za farasi wa Wafaranki zinagonga mbao za daraja. Wengi. Shangazi hageuki hata kutazama — anaongeza kuni.