Nilimfukuza Nesi wa Presha

Loice dada yangu, Esnah wa jirani bado ananipigia kelele hapa uani: “Ulimfukuza nesi kwa nini, Mama Omwenga?”

Ni yule nesi anayezunguka kijiji chetu cha Ikonge akipima presha ya wanawake waliojifungua, ati anachunguza mioyo yao. Juzi alikuja kumwona Jemimah, mke wa mwanangu. Nikamwambia aliyejifungua haguswi na mgeni. Haguswi! Na siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa wageni wangu, wanakula na kumpakata mtoto!

Leo Jemimah amevimba miguu, akilala hapumui vizuri. Nimemwita nesi mwenyewe. Amempima, akasema, “Moyo wake umelemewa. Tukifika hospitali leo, tutamwahi.”

Leo, Loice. Na ile juzi je?

Sasa nesi anangoja Landrova ya hospitali nje, mvua inamnyeshea. Hajanilaumu. Afadhali angenitukana. Nimemwambia tu, “Mwanangu, ingia ndani ule.”