Neema Atasomea Huku

Thamesmead, London

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umenuna, na una haki. Barua hii naianza na kuiacha tangu uliposema tumrudishe Neema Morogoro asome bweni. Nisamehe kwa kuchelewa. Kwenye simu siwezi kukujibu. Ukilia tu, naitikia kila kitu. Goti linaendeleaje? Na presha? Sisi wazima, ila usingizi ni wa kuibia. Nikirudi kutoka zamu ya kuhudumia wazee, namkuta Baba Neema anafunga viatu aende kazini.

Mama, nimezunguka shule za serikali za hapa jirani. Ya kwanza ni ya kanisa, ingawa huku serikali ndiyo inayoilipia. Watoto wana tai, wanatembea kwa mstari, kimya. Nikasema moyoni, hii mama angeipenda. Ila Neema alining'ang'ania sketi mpaka tunatoka. Ya pili ina majengo mapya, lakini ni ya kupanda mabasi mawili. Nikichelewa kazini, nani atamchukua?

Ya tatu iko nyuma ya maghorofa yetu. Naingia darasani, watoto wote wamekaa chini! Nilichoka. Yaani nimepanda ndege mpaka huku mtoto aje akae sakafuni? Nikamuuliza mwalimu, "Samahani, madawati yanakuja lini?"

"Madawati gani?"

Kumbe meza zipo, zulia ni la kukalia wakisomewa hadithi. Baba Neema alicheka mpaka akatoka nje.

Nageuka, Neema hayupo. Yuko kwenye zulia, kajibana katikati ya watoto wawili, kanyoosha mkono! Huyu ambaye tangu tufike hajafungua mdomo mbele ya mgeni. Njiani namsemesha Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza: kesho tunarudi pale shuleni?

Baba Neema bado anataka ile yenye tai. "Mama yako atasema tumemtupa mtoto," ananiambia. Tumebishana, lakini ombi tumeshatuma. Huku unaziorodhesha shule unazotaka, wao ndio wanaamua, na ya nyuma ya nyumba nimeiweka ya kwanza. Majibu bado. Simu ikilia kidogo, naikimbilia. Wakimnyima nafasi nitahangaika upya, ila simrudishi, mama. Wewe ulinilea mwenyewe, hukunipeleka kwa mtu. Niache na mimi nimlee wangu.

Lile godoro na sanduku la bati ulivyokwisha kumnunulia vya bweni, mpe binti wa kaka. Usiniwekee.

Nisalimie shangazi anayekupikia, kaka na mafundi wake wa gereji, na mke wa mchungaji. Mwambie nasali, hata nikiwa kwenye basi.

Ni mimi mkaidi wako anayekupenda,
Esta

Huyu dada anayekuletea barua atarudi huku. Mpe cheti cha ubatizo cha Neema, endapo tutaangukia ile ya kanisa. Unga wa ulezi. Dagaa wasio na mchanga. Na mwambie kaka akurekodi kwenye simu ukisimulia zile hadithi za kunilaza, zote, kwa sauti yako, bila kufupisha hata moja.