Uso Nilioutia Kwenye Ndoto

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Utange, huku pwani ambako joto limetukalia kama mgeni asiyeaga. Goti lako linasemaje siku hizi? Na mvua, imewakumbuka? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliokuwa na homa, na leo nataka kukueleza.

Nimepata ujumbe wako kwamba ndugu yangu Mutua asimwoe yule binti mpaka mimi niote ndoto juu yake. Ningekujibu kwa simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu ili jirani wasikie nabii wako anasema nini. Ndiyo maana nimempa fundi mwenzangu anayekuja Kitui barua hii. Isome peke yako kwanza.

Kanisa letu ni lile la mabati nililokusimulia. Mchungaji aliporudi kutoka mkutano wa maombi alipanga viti upya. Wanaonena kwa lugha, wanaotabiri na wanaoota wakae mbele, na ambao Roho hajawashukia wakae nyuma. Haukupita mwezi tukawa makanisa mawili chini ya bati moja. Wa nyuma wakianza wimbo, wa mbele wanakohoa. Wa mbele wakipaaza sauti, wa nyuma wanatazama dirishani. Mimi nilikaa mbele, Mama, na nilipapenda. Huko ndiko kuliko na feni.

Ndoto yenyewe ilinijia mchana, nimelaza kichwa juu ya cherehani pale dukani Magogoni. Mchana wa huku una usingizi wake, unakuingia polepole ukiwa bado unasikia watu wakipita nje. Kile kitambaa cha buluu cha sare za shule kikaanza kusogea chenyewe, kikawa maji. Nikaona wanawake waliovaa nyeupe wakipita juu yake bila kulowa, kila mmoja na mtungi kichwani. Wa mwisho mtungi wake ulikuwa mtupu. Nilijua kwa jinsi alivyoubeba, shingo haina kazi. Nikaamka nina alama za uzi shavuni.

Jumapili nikasimulia. Mchungaji akauliza, "Huyo wa mwisho alikuwa nani?"

Nikasema, "Mama Kadzo."

Unamkumbuka Mama Kadzo, yule mama wa Kigiriama anayeuza mahamri na mbaazi, aliyenilaza kwake miezi miwili nilipofika sina pa kwenda. Yeye haneni kwa lugha. Akiomba hutaja watu majina, mmoja mmoja, kisha anakaa. Lakini wiki ile alikuwa ameniambia mbele ya kwaya kwamba naimba kama mtu anayefinywa, na watu wakacheka. Niliumia, Mama. Niliumia kuliko nilivyojua.

Basi Mchungaji akasema mtungi mtupu ni mtu asiye na Roho, na Mama Kadzo akaondolewa kwenye kuandaa Meza ya Bwana. Washirika wakawa wanaupita mlango wake kwenda kununua mahamri kwingine. Hakuniuliza kitu. Alinisalimu kila siku, nami nikainamia mkoba wangu kana kwamba nimepoteza ufunguo. Hata mwenye nyumba wetu, Bi Zainabu, habari zilimfikia. Akaniambia, "Ati nyinyi mwamgombania Roho? Sisi hapa twagombania maji, na maji angalau yaonekana!"

Sasa sikia. Kwetu, kabla ya Meza, huwa tunaoshana miguu wawili wawili, na asiyeoshwa hashiriki. Jumapili iliyopita mabeseni yakaletwa, na maji matamu ya kununua, maana ya kisima yana chumvi. Wa mbele wakaoshana wenyewe, wa nyuma vivyo hivyo. Mama Kadzo akabaki. Amevua viatu, miguu ameibananisha kwenye saruji, anatazama mbele tu. Hata wenzake wa nyuma walimwogopa.

Sijui nilifikaje kwake. Nakumbuka sauti zikiwa mbali na sakafu ikiwa laini, kama bado niko juu ya kile kitambaa. Nikapiga magoti. Kwenye vidole vyake kulikuwa na unga uliokauka, maana alikuwa amekanda tangu alfajiri. Nilipokuwa nausugua, akainama.

"Mwanangu, hebu niambie. Kwenye hiyo ndoto, uliniona mimi?"

"La, mama. Hakuwa na uso. Uso niliutia mimi."

"Mimi nalijua hilo tangu siku ile," akasema. "Waambie wao."

Nikasimama na mikono inachuruzika maji, nikawaambia. Mmoja akasema nimeingiwa na pepo. Mchungaji akanitazama, kisha akanionyesha nyuma kwa kidole. Nyuma hakukuwa na kiti. Mama Kadzo akajisogeza, tukakalia kimoja, kila mtu na nusu yake.

Sikudanganyi kwamba kanisa limepona. Viti bado viko vilevile, na wapo wasionisalimu. Lakini asubuhi nala mahamri kwa Mama Kadzo, naye ananikosoa uimbaji wangu kama zamani.

Mama, sitaota juu ya ndoa ya Mutua. Nikiota sitasema, kwa sababu nimeona jinsi kinyongo changu kinavyojua kuchora sura za watu. Kama anampenda, amwoe. Na wale uliowaambia kwamba umezaa nabii, nakuomba uwaambie kwamba mwanao alisema uongo kanisani. Ukiona haya, ningoje, nitakuja niwaambie mwenyewe.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekupikia goti likikataa. Mwambie Mutua asinikasirikie kwa kumchelewesha. Na yule mchumba wake, msalimie sana. Sijawahi kumwona uso, na sina neno juu yake ila salamu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwende