Nani Aandike Dawa Yangu ya Moyo

Kisarawe, Agosti 1975. Mwaka wa ishirini na tatu tangu niondoke Mahenge.

...na bado sijui kama nifurahi. Daktari bingwa wa Dar aliyenianzishia dawa ya moyo alitaka zahanati iendelee kuniandikia. Mganga wa zahanati akawa anakataa: "Shikamoo mzee, lakini dawa ya bingwa aandike bingwa."

Leo wamezungumza wawili hao kwa simu ya bomani, na mganga amekubali.

"Nitaandika mimi, babu. Ila nikupime kila mwezi. Usinitoroke kwenda kwenu!"

"Nitoroke kwa moyo gani?"

Akacheka. Hakujua kwamba sanduku nimeshalifunga.

Kwetu ningeanza upya kumsihi mganga mwingine, na vidonge havingesubiri tuelewane. Jioni nimeyatoa mashati, nikayatundika.

Mahenge sitarudi.