Jina la Mtoto Wetu wa Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Nimehamishiwa tawi la sokoni kutoka makao makuu, dirisha la kuandikisha vizazi. Wiki mbili tu, mwenzangu yuko likizo. Mume wangu, Mwalimu kama ninavyomwita, sijamwambia. Mwalimu akisahihisha mitihani, ukimsemesha anaitikia "mm" basi.

Foleni ndefu, lakini raha! Kila mzazi namuuliza maana ya jina, naandika kwenye kidaftari changu. Fomu haitaki, nataka mimi. Baba mmoja kamwita mwanawe Filipo, hakujua ni "mpenda farasi". Kacheka mpaka kashika dirisha. Farasi mwenyewe hajapata kumwona!

Jumatano, 5 Juni



Kaja binti fundi cherehani, mdogo mdogo, mpole, mtoto mgongoni. Jina la mtoto? Neozena.

Nikamwambia rudia. Karudia.

Jina hilo halipo duniani! Tulilitunga mimi na Mwalimu tukiosha vyombo, mwaka wa kwanza wa ndoa. Yeye wa baiolojia, katoa "neo" — Kigiriki, mpya. Mimi nikatoa Zena, yaani pambo, jina la marehemu mama. Pambo jipya. Tukaapa ni la mtoto wetu wa kwanza, asiambiwe mtu. Mimba mbili zimetoka nikiziita hivyo hivyo.

Nikauliza maana, kama kawaida yangu. Eti pambo jipya, baba yake ndiye kalitunga. Atakuja mwenyewe Ijumaa na kitambulisho. Ahsante dada, kaniambia. Dada!

Alhamisi, 6 Juni

Kwenye chai ya asubuhi nimemuuliza kama lile jina aliwahi kumwambia mtu. Hakuinua macho. Amwambie nani, hilo ni letu wawili. Halafu, bila haya — bado uko makao makuu, mke wangu?

Nikasema ndiyo.

Mwongo mkubwa! Kuzaa nje ningelia, yangeisha. Lakini mama yangu? Kamgawa mama yangu!

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne na nusu. Naandika daftari likiwa mapajani.

Yuko kwenye foleni. Shati la bluu, nimelipiga pasi mimi leo asubuhi. Kambeba mtoto, anamfuta udenda kwa leso yangu. Hajaniona, kioo kimejaa matangazo. Mtoto mzuri, Mungu anisamehe.

Fomu iko mbele yangu, jina kwa mwandiko wangu. Bado mhuri.

Wamebaki wawili mbele yake. Sasa mmoja.

Kidaftari cha majina nimekifungua. Nitamuuliza maana, kama ninavyowauliza wote.