Mchezo Usio na Ng'ombe

Sayi, wale Wajapani waliotengeneza mchezo wetu wa video wamejibu barua pepe yangu. Nimechoka, nimekaa tu hapa dukani.

Wanasema ni wa zamani na una wapenzi wachache, lakini labda mwakani watautoa upya kwenye kompyuta, kwa Kiingereza.

Subiri sasa. Si niliwaandikia kurasa tatu kwamba napenda shujaa anavyofuatilia ng'ombe wa mahari walioibwa? Wamejibu: "Samahani, katika mchezo wetu hakuna ng'ombe."

Hakuna ng'ombe, Sayi! Yule shujaa ni mtawa, anatafuta kengele ya hekalu.

Na marehemu kaka yako Masalu alitusomea yale maandishi ya Kijapani ya kwenye skrini mwaka mzima pale kwetu Dutwa! Si alisema kafundishwa na mafundi Wajapani waliokuja kufunga mashine za kuchambulia pamba? Kumbe alikuwa anatunga. Tulimlilia hadi yule fahali mweupe wa hadithi yake, kumbe hayupo.

Hakuna ng'ombe. Aibu gani hii.

Wameuliza kama nitaununua. Nimesema nitaununua, ila wauache na Kijapani chake humohumo. Kiingereza nitakielewa, halafu Masalu atanyamaza kichwani mwangu.