Mkate Uliokataa Kuuzwa

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Migosi tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama sisi pia tuliteswa na kompyuta, maana ofisini kwenu wameleta mfumo mmoja wa idara zote. Miaka ya tisini kiwanda chetu cha mikate kilileta wa namna hiyo. Babu yako alikuwa mwokaji, mimi muuzaji. Juma mfumo ulipoanza hatukuwa tunasemezana, kwa sababu alimchinjia mgeni jogoo wangu bila kuniuliza.

Asubuhi moja wachuuzi wa soko la Kibuye walijaa mlangoni. Mkate ulinukia mbele yangu, lakini kompyuta ilisema hakuna mkate, ikakataa kuuza.

"Mwokaji hajaingiza mikate kwenye kompyuta yake," meneja akasema. "Mama, mwambie bwana yako."

"Mwambie wewe."

"Mimi sijaolewa naye!"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Nikamfuata babu yako kwenye tanuri.

"Baba Otieno, iambie mashine umeoka."

"Imenishinda tangu alfajiri," akanong'ona. "Niliona haya kukuita."

Tukaketi pamoja, tukabonyeza mpaka mkate ukaonekana kwenye kompyuta.

Nyakwara, mjukuu wangu, wenzako ofisini labda hawaogopi mashine, huenda wanaogopana. Tangu siku ile, kabla ya kuwasha kompyuta, meneja wetu alikuwa akiuliza kwanza kama mimi na babu yako tumeamkiana.

Nyanya yako,
Mama Otieno